Usiulize "kilo ngapi?" mara moja tu

Umeiona hiyo picha. Kamguu kadogo, shuka ya hospitali, kidole cha baba kimeshikwa na kangumi ka mtoto, na chini yake maandishi: "Tumebarikiwa, kijana, kilo 3.4." Kufika jioni stetasi imetazamwa na watu 200, na hongera zinamiminika. Halafu kuna ile nyingine ambayo huwa haina namba. Mtoto amezaliwa, mama yuko sawa, Mungu ni mwema, basi. Mara nyingi ukiona hivyo jua mizani ilisoma 2.1, na tayari kuna shangazi ameuliza kwenye grupu la familia, "Kwani huyu msichana alikuwa hali?"

Hilo swali la shangazi ndilo limenileta hapa leo. Linamfanya mama aonekane kama mtu aliyefanya mtihani akaanguka. Na likishaulizwa siku ya kwanza, hakuna anayerudi kuuliza tena. Mtoto anafika wiki sita, miezi minne, mwaka mmoja, na hakuna mtu kwenye grupu anayetaka kujua kilo. Wanataka tu picha ya keki.

Mimi si daktari. Chuo niliacha, na hata kabla ya kuacha sikuwa nasomea mambo ya hospitali. Lakini ukiishi Nakuru ukiwa na miaka ishirini na kitu, marafiki zako wanazaa kila mwezi, na ukiwa na tabia ya kusoma soma kama mimi, unaanza kuona tunazungumzia hii kitu vibaya.

Tuanze na namba yenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, limechora mstari kwenye gramu 2,500. Mtoto akizaliwa chini ya kilo mbili na nusu, anahesabiwa kuwa na uzito mdogo. WHO na UNICEF walikadiria kwamba mwaka wa 2020 watoto milioni 19.8 duniani walizaliwa chini ya mstari huo, yaani karibu mmoja kati ya kila saba. Wengi wao wamezaliwa katika nchi ambazo mshahara unaisha tarehe tano.

Lakini ndani ya hiyo namba kuna watoto wawili tofauti. Kuna yule aliyetoka mapema, kabla ya wiki 37, ambaye pengine alikuwa anakua vizuri kabisa ila muda ulikatwa. Na kuna yule aliyekaa tumboni muda wote lakini hakupata cha kutosha. Mizani inawaandika sawa, 2.1 na 2.1, na kumbe mmoja anaweza kuwa na shida ya mapafu na mwingine ana njaa ya miezi. Ndiyo maana wauguzi wanakusumbua kuhusu tarehe ya hedhi ya mwisho na wanakwambia uanze kliniki mapema. Ukienda mara ya kwanza ukiwa na miezi sita, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika mtoto wako ni yupi kati ya hao wawili.

Sasa nataka tuvunje uongo mmoja, kwa sababu nimeusikia kwenye matatu, kwenye saluni, hata kwa watu wamesoma kunipita. Uongo wenyewe ni huu: "Watu wa kwetu huzaa watoto wadogo, ni damu."

Kuanzia 2009 hadi 2014 kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa INTERGROWTH-21st, ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford. Waliwafuatilia wajawazito katika sehemu nane za dunia: Pelotas kule Brazil, Turin Italia, Muscat Oman, Nagpur India, Seattle Marekani, Oxford yenyewe, sehemu ya Beijing nchini China, na, tega sikio hapa, Parklands, Nairobi. Wakachagua akina mama wenye afya, wanaokula vizuri, wasiovuta sigara, waliopata huduma ya kliniki tangu mwanzo. Wakawapima watoto wakiwa tumboni, wakawapima tena baada ya kuzaliwa.

Matokeo yalitoka 2014. Watoto walikuwa wanakua karibu sawa kila mahali. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji mmoja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya mji na mji. Mtoto wa Parklands na mtoto wa Oxford, mama zao wakiwa wameshiba na wana amani, wanatoka na saizi karibu moja.

Hata ile grafu iliyo ndani ya kijitabu cha mama na mtoto, hiyo yenye mistari iliyopinda ambayo muuguzi huweka kidoti, imetoka kwa utafiti wa namna hiyo. WHO iliitoa 2006 baada ya kupima watoto wa Accra, Muscat, Delhi, Oslo, Pelotas na Davis huko California. Kwa hivyo usiseme ni mistari ya wazungu. Mtoto wa Ghana yumo.

Kuna jamaa mmoja aliniambia, "Sawa, lakini sisi tuko juu, hewa ni nyepesi." Huyo angalau alifikiria. Ni kweli mwinuko hupunguza uzito wa mtoto kidogo, na watafiti waliopima jambo hilo kwenye milima ya Colorado walipata kama gramu 100 kwa kila mita 1,000. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Lakini Parklands nayo iko karibu mita 1,700, na watoto wake walisimama sawa na wa Muscat, mji ulio ufuoni. Hewa haitoshi kuwa kisingizio.

Kama si damu na si hewa, basi ni nini? Panda matatu mpaka Naivasha, ushuke Karagita.

Chukua msichana wa miaka 22 anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Simtaji shamba, na yeye si mtu mmoja, ni wengi. Januari na mwanzo wa Februari ndiyo msimu wenyewe, kwa sababu kuna watu Ulaya wanataka waridi kabla ya tarehe 14. Anasimama kwenye meza ya kupanga maua kutoka asubuhi. Saa nne anakunywa chai na mandazi. Mchana hana hamu, au hana pesa. Jioni ni ugali na sukuma, na kama kuna mtu mwingine wa kulishwa nyumbani, yeye anakula mwisho. Maji ananunua kwa mtungi. Anapikia makaa ndani ya chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ya baridi.

Ujauzito anauficha hadi mwezi wa tano, maana ako kwa kandarasi fupi na anajua wenye tumbo hawaitwi tena. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wazi mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Sheria ni tamu ukiisoma. Lakini nani atamshtaki bosi kwa sababu simu haikulia?

Siku ya kliniki ni siku bila malipo, kwa hivyo anaenda mara mbili badala ya nne, na WHO siku hizi inasema nane. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha karibu thuluthi moja ya akina mama Kenya hawafikishi hata hizo nne. Vidonge vya kuongeza damu alipewa, vinamletea kichefuchefu, akaviweka kwenye droo. Hakuna aliyemwambia anaweza kuvimeza usiku baada ya chakula, na asivinywe pamoja na chai, kwa sababu majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Presha haijapimwa wiki nane. Presha ikipanda kwenye ujauzito, kondo la nyuma halipati damu ya kutosha na mtoto anaanza kubaniwa chakula kimya kimya, wakati mwingine bila mama kuhisi chochote.

Damu kidogo, chakula kidogo, moshi, kusimama, presha ambayo haikuonekana. Ongeza umri kama ni msichana wa miaka 16 ambaye mwili wake bado unakua na unagombania chakula na mtoto. Takwimu hizo hizo za 2022 zinasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Ongeza mtoto wa kwanza ambaye hata hajafikisha mwaka. Halafu mizani inasoma 2.1, na shangazi anauliza kama msichana alikuwa hali.

Shangazi, alikuwa anakula alichoweza kununua.

Twende mbele, kwa sababu mtoto ameshazaliwa na hatuwezi kumrudisha. Hapa kuna habari ambayo vijana wengi hawana, hasa sisi wanaume. Mtoto mdogo haponi kwa inkubeta peke yake. Mwaka wa 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa watoto wadogo na mashine chache, wakati mwingine watoto wawili au watatu mashine moja. Akaanza kuwafunga watoto kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Joto la mama likafanya kazi ya mashine. Mtoto analala pale, ananyonya pale, anapumua akifuata mpumuo wa mama.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilichukuliwa kama ya maskini. Halafu 2021 WHO ikachapisha utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja "watulie" kwanza, walikufa wachache zaidi: asilimia 12, dhidi ya karibu 16 kwa wale waliongojewa. Ni kama robo ya vifo imeondolewa kwa kitambaa na kifua.

Na kifua si lazima kiwe cha mama. Cha baba kinafaa. Cha nyanya kinafaa. Bro, kama mtoto wako amezaliwa na kilo 1.7 na mama amefanyiwa upasuaji, hiyo kazi ni yako. Vua shati. Usiende kusimama nje ya wodi ukipiga simu za harambee huku mtoto ana baridi.

Sasa lile swali la pili, ambalo ndilo ninalotaka ulibebe. Kilo ngapi sasa?

Siku za kwanza mtoto hupungua. Hii hushtua watu vibaya sana. Anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha anairudisha kufikia kama wiki mbili. Hapo katikati ndipo nyumba inajaa wataalamu. Mmoja anasema maziwa ya mama ni mepesi, mwingine analeta maji ya glukosi, jirani analeta dawa ya chango ya dukani, na kabla wiki iishe mtoto ameanza chupa. Kumbe alikuwa anapungua kama watoto wote. Akipita hapo, mtoto mwenye afya huongeza uzito wake mara mbili kufikia kama miezi mitano, na mara tatu akifika mwaka. Aliyezaliwa mdogo anaweza kukimbia akawafikia wenzake. Lakini utajuaje kama anakimbia kama hapimwi?

WHO inasema maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, hata maji hapana. Sheria yetu inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Piga hesabu mwenyewe. Na hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Mama mboga wa Rhonda, dada wa kufua nguo Milimani, msichana wa kibarua Karagita, likizo yao inaisha siku unga ukiisha. Nimeona mtu akirudi kazini baada ya wiki tatu, maziwa yanalowesha nguo, mtoto ameachwa kwa mama mmoja anayelea watoto kumi na mbili kwenye chumba kimoja na anawapa wote uji chupa moja.

Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea kazini. Wewe unayesoma hii ukiwa ofisini, inua kichwa uangalie. Kiko wapi? Si choo. Choo si chumba cha kunyonyeshea.

Na usiniambie haiwezekani, kwa sababu imewezekana hapa jirani. Huko Koibatek, kaunti ya Baringo, ukitoka Nakuru unapitia Mogotio au unazunguka Eldama Ravine, kulifanywa majaribio ambapo wahudumu wa afya ya jamii waliwafuata akina mama nyumbani, wakawafundisha kunyonyesha, wakaunda vikundi vya kusaidiana, wakawavuta hata waume na nyanya kwenye mazungumzo. Matokeo yalichapishwa 2021. Kwenye vijiji vilivyopata huduma hiyo, akina mama wengi zaidi walinyonyesha maziwa pekee hadi miezi sita. Kwenye vijiji vya kulinganisha walikuwa wachache zaidi. Akina mama ni wale wale, maziwa ni yale yale. Kilichoongezwa ni mtu wa kuja kubisha mlango.

Serikali ilizindua wahudumu hao wa jamii 100,000 nchi nzima Septemba 2023, na bila shaka unamjua wa plot yenu. Mara ya mwisho alipima mtoto lini? Na yeye mwenyewe mara ya mwisho alilipwa lini? Hayo ni maswali mawili ambayo MCA wako anapaswa kuulizwa kabla hajaanza kugawa miavuli.

Baada ya miezi sita inaingia uji, na hapa ndipo watoto wengi waliozaliwa vizuri tu wanaanza kuanguka kwenye grafu. Uji wetu huwa ni maji yenye rangi. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji limejaa. Anashiba na hakui. Kaunti yetu inatoa viazi Molo, maziwa kila upande, samaki Naivasha, maharagwe kila soko, na bado mtoto wa hapa mjini anakula viazi vitupu vilivyopondwa kwa maji. Weka yai. Yai moja, mara kadhaa kwa wiki. Weka omena iliyosagwa, ama kijiko cha maharagwe yaliyopondwa na mafuta kidogo. Uji uwe mzito, uanguke kutoka kwa kijiko taratibu.

Nisikuvunje moyo kabisa. Kenya imefanya kazi. Kudumaa kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa asilimia 35 kwenye takwimu za 2008 na 2009, kukashuka hadi 26 mwaka wa 2014, na 18 mwaka wa 2022. Mwanzoni mwa kipindi hicho ni asilimia 43 tu ya watoto waliozaliwa hospitalini, na kufikia 2022 walikuwa 82. Sehemu ya mabadiliko hayo inatokana na uamuzi wa Juni 2013 wa kufanya uzazi uwe bure kwenye hospitali za umma, ambao baadaye ukawa Linda Mama.

Lakini tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Kwa asiye na ajira rasmi mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi, unaotakiwa kwa mkupuo wa mwaka, Sh3,600. Kwako ni pesa ya wikendi moja. Kwa msichana wa Karagita ni kodi ya nyumba, na wakati wa Linda Mama alihitaji tu kujiandikisha. Nasema wazi: mama mjamzito asiulizwe mchango. Kama tulikuwa na kitu kilichofanya kazi na tukakiweka kiwe cha kulipiwa kwanza, tutakuja kukiona kwenye mizani.

Kuna mama mmoja Mwingereza wa zamani, Ethel Margaret Burnside, aliyesimamia wakunga na wauguzi wa kaunti ya Hertfordshire. Kuanzia 1911 aliwafanya waandike uzito wa kila mtoto akizaliwa na tena akifika mwaka mmoja. Ni daftari tu. Miaka zaidi ya sabini baadaye, mtafiti David Barker akayapata hayo madaftari, akawatafuta hao watoto ambao sasa walikuwa wazee au wamekufa, na akaona kwamba waliokuwa wepesi zaidi, hasa walipofika mwaka mmoja, ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Presha na sukari zinazowamaliza wazazi wetu leo zinaweza kuwa zilianza kwenye njaa ambayo nyanya zetu walivumilia.

Hicho kijitabu cha kliniki ambacho mtoto wa dada yako anachorea kalamu ndicho daftari letu. Kifungue leo. Tafuta ukurasa wa grafu. Kama vidoti viliishia mwezi wa tisa, sindano ya surua ilipodungwa, na mtoto sasa ana mwaka na nusu, basi hakuna anayejua anaendelea aje. Kupima ni dakika tano, na kwa zahanati za mtaani haulipi. Kama dada yako hawezi kuacha kazi, mpeleke wewe. Nenda asubuhi, ubebe kijitabu, na umvue mtoto jaketi kabla awekwe kwenye mizani, maana hizo jaketi za baridi ya Nakuru zinadanganya hata nusu kilo.